Jongoo Bahari na Mashine Zisizotulia

Mwishoni mwa karne ya 19, meli za mvuke zilikuwa zikipatwa na balaa ambalo manahodha hawakuwa na maelezo yake. Shafti inayopeleka nguvu ya injini hadi kwenye rafadha, nguzo nzima ya chuma, ilikatika katikati ya bahari, tena hata siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Ilikuwa rahisi kulaumu chuma, au kuwalaumu waliokifua. Huko Hamburg, kwenye kiwanda cha meli cha Blohm & Voss, mhandisi Hermann Frahm aliamua kupima kwanza. Mwaka 1902 alichapisha alichokiona: shafti ilipokuwa ikizunguka, ilikuwa pia ikijisokota na kujisokotoa. Mapigo ya injini yalipolingana na kasi ambayo shafti ile kwa maumbile yake hujisokota, kila pigo liliongeza juu ya lililotangulia, mtetemo ukakua, na chuma kikachoka hadi kikakatika.

Mwaka 1909 Frahm aliomba hataza ya dawa aliyoibuni, na ombi hilo lilikubaliwa Marekani mwaka 1911. Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi mno kuieleza. Chukua kizito kidogo, kifunge kwenye springi, kisha kipachike juu ya kitu kikubwa kinachotetemeka. Ukiichagua springi vizuri, kile kidogo kitatetemeka kwa niaba ya kikubwa, na kikubwa kitatulia. Mpaka leo minara mirefu na nyaya za umeme mkubwa zinatulizwa kwa wazo hilihili.

Ila dawa ya Frahm ilikuwa na kasoro, na historia yote inayofuata imezaliwa na kasoro hiyo. Inaponya mtetemo wa kasi moja tu. Injini ikiongeza au ikipunguza mwendo, kile kizito kidogo hakisaidii tena, na kwenye kasi fulani za jirani kinauchochea mtetemo badala ya kuuzima. Springi ikishakatwa na kufungwa, imekwisha kuamua ugumu wake, haiwezi kubadili shauri.

Kasoro hiyo inamkabili kila anayetaka kuikinga mashine isipate mtikisiko wa sakafu, au sakafu isipate mtikisiko wa mashine. Njia ya kawaida ni kuweka kitu laini katikati: springi, mpira, hewa. Kitu laini hukinga pale tu mtetemo unapokuwa wa kasi zaidi ya mara 1.4 ya kasi ambayo mzigo wenyewe ungecheza juu ya springi ukiachwa huru. Chini ya hapo hakuna kinga, na pale kasi hizo mbili zinapokutana mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko kama usingeweka kitu. Kwa hiyo ukitaka kujikinga na mitetemo ya polepole, sharti springi iwe laini sana. Na hapo hesabu inakuwa chungu: springi ya wima inayouruhusu mzigo ucheze mara moja kwa sekunde itabonyea sentimita 25 kwa uzito wa mzigo peke yake, kabla ya kutikiswa na chochote. Mashine ya tani moja juu ya springi ya namna hiyo itayumba kila fundi akiigusa. Laini inakinga lakini haibebi, ngumu inabeba lakini haikingi. Wahandisi wa karne ya 20 waliishi katikati ya maneno hayo mawili.

Wengi waliridhika na mpira. Mmoja wao alikuwa Hugh Lord, mwanasheria wa hataza katika mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania, ambaye alikerwa na mtikisiko wa tramu za mjini. Alijaribu kuunganisha mpira na chuma vishikane bila kubanduka, na mwaka 1924 akaanzisha kampuni yake. Vipande vya mpira uliogandishwa kwenye chuma vilienea kwenye injini za ndege na za magari, na hata leo fundi wa gereji yoyote ya Afrika Mashariki anapofungua injini hukutana na jamaa zake. Jina la Lord tutalikuta tena mbele.

Wa kwanza kufikiria kitu kinachobadili ugumu wake kwa amri alikuwa Willis Winslow, Mmarekani wa Colorado. Alichanganya unga laini na mafuta, akaupitishia mchanganyiko umeme wa nguvu kubwa, na mafuta yakawa mazito papo hapo. Umeme ukikatwa, yanarudi kuwa mafuta. Alipata hataza mwaka 1947 na miaka miwili baadaye akaeleza kinachotokea ndani: chembe za unga zinajipanga mistari mistari kuelekea upande wa umeme, na mistari hiyo inaukataa mwendo. Ugumu wa kazi yake ulikuwa kwenye umeme wenyewe, maana ulihitaji volti elfu kadhaa kwa kila milimita ya mafuta.

Karibu wakati huohuo, mjini Washington, kulikuwa na mtu mwingine. Jacob Rabinow alizaliwa Kharkiv mwaka 1910. Mapinduzi na vita viliifukuza familia yake ikapitia Siberia na China, na mwaka 1921 ikafika Marekani. Alisomea uhandisi New York, kisha mwaka 1938 akaajiriwa na ofisi ya taifa ya viwango na vipimo, ambako kazi ya mtu ilikuwa kupima vitu, lakini yeye akawa anavumbua. Mpaka anafariki mwaka 1999 alikuwa na hataza zaidi ya 200. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliweka unga wa chuma ndani ya oili, akauzungushia koili ya waya. Koili ikipata umeme inakuwa sumaku, kila punje ya chuma nayo inakuwa sumaku ndogo, na punje zinashikana mkono kwa mkono. Oili iliyokuwa ikimiminika inageuka kama samli iliyoganda, kisha umeme ukizimwa inamiminika tena, yote haya kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Tena betri ya kawaida ilitosha.

Kuna picha ya miaka hiyo ambayo naipenda kuliko maelezo yoyote. Mwanamke ananing'inia kwenye chombo cha Rabinow, uzito wake wote umebebwa na kile kitabaka cha oili na unga wa chuma kilicho kati ya nyuso mbili za chuma. Hakuna meno yaliyoumana, hakuna skrubu. Kilichomzuia asianguke ni sumaku tu, na ingezimwa, angeshuka.

Baada ya picha kama hiyo, mtu angetegemea magari yote ya dunia yawe na shokapu za sumaku kufikia mwaka 1960. Haikuwa hivyo. Unga wa chuma ni mzito kuliko oili, kwa hiyo chombo kikikaa bila kutumika unatuama chini na kugandamana. Chembe zake zilisaga vizibo na kuta za chombo. Zaidi ya yote, kitu kinachobadili ugumu kwa amri kinahitaji wa kutoa amri, na kompyuta za mwaka 1948 zilijaza chumba kizima. Uvumbuzi wa Rabinow ulikaa kwenye makabati kwa zaidi ya miaka 40. Ulifufuliwa miaka ya 1990 na wakemia na wahandisi wa kampuni ileile ya Hugh Lord, mmoja wao J. David Carlson, walioitafutia oili viungo vya kuzuia unga usituame na kulinda vizibo. Moja ya matumizi ya mwanzo yaliyofika sokoni lilikuwa la unyenyekevu: viti vya madereva wa malori. Mwili wa binadamu aliyeketi huumizwa zaidi na mitikisiko ya juu na chini ya kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na barabara mbovu na springi za lori hutoa pia mitikisiko ya kasi hiyo. Anayejua dereva wa masafa marefu, aliyestaafu na mgongo usionyooka, anaelewa kwa nini kiti kilistahili kuwa miongoni mwa vya kwanza. Mwaka 2002 shokapu za sumaku zikaingia kwenye Cadillac Seville, na mwaka huohuo zikafungwa kwenye nyaya za daraja la Ziwa Dongting, mkoani Hunan, China, ambazo zilikuwa zikicheza vibaya kila mvua na upepo vilipokuja pamoja.

Hadi hapo, hakuna aliyekuwa amewauliza wanyama. Au niseme waliulizwa, lakini aliulizwa asiye na jibu.

Kigong'ota anagonga mti kwa mdomo wake kwa kasi ya mita 6 hadi 7 kwa sekunde, na kichwa chake kinasimamishwa ghafla kwa nguvu ya mara 1,000 na zaidi ya mvuto wa dunia. Vipimo hivyo vilitolewa mwaka 1979 na Philip May, daktari wa magonjwa ya akili mjini Los Angeles, pamoja na wenzake, baada ya kumpiga ndege mmoja picha za mwendo wa kasi. Miaka mitatu kabla yake walikuwa wameuliza, katika jarida la tiba la Lancet, kwa nini ndege huyu haumwi kichwa. Swali zuri. Majibu yaliyokusanyika baadaye yalieleza kwamba fuvu lake lina mfupa wa sponji mbele, kwamba mfupa wa ulimi unaozunguka fuvu ni mkanda wa usalama, kwamba mdomo wenyewe ni shokapu. Kofia za baiskeli zilichorwa kwa mfano wake. Mwaka 2011 Sang-Hee Yoon na Sungmin Park wa Berkeley walitengeneza kasha la chuma lenye mpira na shanga ndogo za kioo ndani, kwa kufuata tabaka za kichwa cha kigong'ota, wakalirusha kwa bunduki ya hewa, na vifaa vya elektroniki vilivyokuwa ndani vikastahimili mshindo wa mara 60,000 ya mvuto wa dunia.

Kasha lile lilifanya kazi, hilo halina ubishi. Lakini ndege hafanyi hivyo. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake waliwapiga vigong'ota wa aina tatu picha za kasi, wakafuatilia nukta za mdomoni na nukta za fuvuni wakati wa kugonga. Kama kungekuwa na shokapu, fuvu lingesimama taratibu kuliko mdomo. Vilisimama pamoja. Kichwa cha kigong'ota ni nyundo, na nyundo yenye godoro ndani yake ni nyundo mbovu, kwa sababu nguvu ambayo godoro lingeimeza ndiyo hasa nguvu ya kupasua mti. Ubongo wake unapona kwa kuwa ni mdogo. Nimeiweka habari hii hapa kwa makusudi. Miaka mingi ya utafiti ulioitwa wa kuiga maumbile ilijengwa juu ya jambo ambalo halikuwa limetazamwa vya kutosha, na waliotazama walihitaji kamera nzuri na uvumilivu tu.

Mnyama mwenye jibu alikuwa akitambaa chini ya maji, na watu wa pwani yetu wamemshika mikononi kwa vizazi. Kutoka Lamu hadi Mafia, maji yakitoka, utamwona jongoo bahari amelala mchangani baina ya majani ya bahari, mlegevu, hana mfupa wala haraka. Mguse, ngozi yake inakakamaa kiganjani. Mwache, inalegea, na akitaka anaweza kujipenyeza katika ufa wa jiwe mwembamba kuliko yeye, kisha akajikaza humo asitoleke. Wavuvi wanamchemsha na kumkausha kwa ajili ya soko la China, na kwa wengi hadithi yake huishia hapo.

Wanabiolojia walichukua muda kukubali walichokuwa wanakiona, kwa kuwa ngozi ile hubadilika bila kuvutwa na misuli. Tatsuo Motokawa wa Japani alikuwa miongoni mwa walioonyesha, miaka ya 1980, kwamba kinachokaza na kulegea ni tishu yenyewe. Ndani ya ngozi kuna nyuzi fupi za kolajeni, ngumu, zilizotapakaa katika utando laini. Nyuzi hazibadiliki. Kinachobadilika ni mshikamano wao: chembe hai zilizo karibu zinatoa protini zinazozifunga nyuzi pamoja, na ngozi nzima inakuwa ngumu, ukitolewa ujumbe mwingine nyuzi zinaachiana, na kila uzi unateleza kivyake. Kwa nguvu kidogo sana mnyama anauamua ugumu wa mwili wake.

Huko Cleveland, jimbo la Ohio, Christoph Weder na Stuart Rowan walikuwa na tatizo lililofanana na la springi. Madaktari wanaotaka kusikiliza ubongo kwa sindano ya umeme wanahitaji sindano ngumu ili ipenye. Ikishaingia, ugumu huohuo unakuwa adui, kwani ubongo hautulii: unacheza kwa kila pigo la moyo na kila pumzi, ukijisugua kwenye sindano, na baada ya miezi kovu linaifunika sindano isisikie tena. Walimfuata jongoo bahari moja kwa moja. Badala ya kolajeni walitumia nyuzi nyembamba mno za selulosi, walizozipata kutoka kwa kiumbe mwingine wa baharini, kwenye ganda lake laini, wakazitawanya katika plastiki yenye tabia ya mpira. Kukiwa kukavu, nyuzi zinashikana na plastiki inakuwa ngumu. Maji yakiingia, yanazishika nyuzi yenyewe, nazo zinaachiana. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008 katika jarida la Science, wakiwa na Jeffrey Capadona, Dustin Tyler na Kadhiravan Shanmuganathan, yalionyesha ugumu ukishuka kutoka megapaskali 800 hadi 20, na kwa plastiki ya aina nyingine kutoka 4,200 hadi 1.6. Maji yakikauka, ugumu unarudi. Mtu alikuwa ametengeneza kitu kigumu kinacholegea kwa sheria ileile anayoitumia mnyama.

Maji, hata hivyo, yana mwendo wa pole. Yanafaa kwa sindano ya daktari, hayafai kwa kiti cha dereva anayekutana na shimo jipya kila sekunde. Na plastiki ya Cleveland ilikuwa utando sare, hali nyuzi za mwili wa mnyama zimepangwa, hapa nyingi, pale chache, kila moja ikielekea upande wake. Namna ya kupanga ilitoka kwenye uchapishaji.

Charles Hull alikuwa mhandisi wa kampuni ya California iliyotumia taa za miale ya urujuanimno kugandisha resini juu ya meza. Jioni, kwa ruhusa ya waajiri wake, alijaribu kugandisha resini tabaka juu ya tabaka, na mwezi Machi 1983 akatoa umbo lake la kwanza, kikombe kidogo cha kuoshea jicho. Hataza ilikuja mwaka 1986. Kwa muda mrefu mashine za aina hiyo zilitoa vitu vya kutazamwa tu. Mwaka 2013 Skylar Tibbits wa MIT alisimama jukwaani na kusema kwamba kitu kilichochapwa kinaweza kuendelea kubadilika baada ya kutoka kwenye printa, akaonyesha utepe uliojikunja wenyewe ndani ya maji. Mwaka 2016 kundi la Jennifer Lewis wa Harvard liliifikisha hoja mahali pake. Wino wao ulikuwa jeli yenye nyuzi za selulosi, na walijua kwamba nyuzi zikisukumwa kupitia tundu jembamba la printa hujilaza zote kufuata mwendo wa tundu. Anayeongoza tundu anaongoza nyuzi. Jeli ikilowa inavimba zaidi kwa upana kuliko kwa urefu wa nyuzi, na ua lililochapwa likiwa bapa linajikunja petali kwa petali kama lilivyopangiwa. Mwaka 2018 kundi la Xuanhe Zhao wa MIT lilifanya vivyo hivyo kwa sumaku: wino wa silikoni wenye chembe za sumaku, na sumaku nyingine mdomoni mwa printa ikizielekeza chembe wakati wino unatoka. Maumbo yao yalijikunja, yakatambaa na kudaka mpira uliorushwa, bila waya wowote.

Fizikia nayo ilikuwa imepiga hatua yake. Mwaka 2000, Hong Kong, Ping Sheng na wenzake walichukua vigololi vya risasi vya sentimita moja, wakavivika koti la mpira wa silikoni, wakavipanga ndani ya gundi ngumu. Kila kigololi ndani ya koti lake ni kizito cha Frahm juu ya springi yake, ila sasa viko mamia ndani ya kipande kimoja. Bonge lao la sentimita chache lilizuia sauti ambazo mawimbi yake ni marefu kulizidi mara nyingi. Kizito cha mhandisi wa Hamburg kilikuwa kimekuwa chembe ya ujenzi, na kama ilivyokuwa mwaka 1909, kilifungwa kwenye kasi yake moja, mpaka mtu angeweza kuibadili springi ndani ya kila chembe.

Desemba 2018, watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore, California, walieleza jinsi walivyolikabili hilo. Walichapa kwa mwanga na resini kimia cha vijiti vya plastiki vilivyokutana pembe kwa pembe, kila kijiti kikiwa na uwazi ndani na ukuta mwembamba mno. Kisha kwa sindano waliingiza ndani ya vijiti oili yenye unga wa chuma, mchanganyiko uliotoka moja kwa moja kwa Rabinow. Hapakuwa na kizibo cha kusaga. Sumaku iliposogezwa karibu kimia kilikakamaa kwa muda usiofika sekunde moja, na ilipoondolewa kikalegea. Kubadili ugumu wa kimia ni kubadili kasi ya mitetemo kinayoizuia, na kwa kuisogeza sumaku mtu anaweza kukaza upande mmoja na kuuacha mwingine laini.

Wanaoendeleza kazi hii leo wanapambana na mambo ya ardhini kabisa. Resini iliyogandishwa kwa mwanga huchoka na kupasuka ikibonyezwa mamilioni ya mara, na mitetemo haina kazi nyingine. Plastiki hubadili ugumu kwa joto la mchana bila kuamriwa. Sumaku yenye nguvu ya kutosha ni nzito, na ndani ya ndege au setilaiti kila gramu inalipiwa. Na bado kuna suala la nani anatoa amri. Kimia cha Livermore hakijui kwamba kinatikiswa. Kinahitaji kihisio pembeni, kompyuta ya kusoma kihisio, na koili ya kutekeleza. Ngozi ya jongoo bahari ina neva zake humohumo, inaguswa na kujibu mahali palepale pa mguso. Kwa hiyo baadhi ya maabara zimeanza kuchapa waya na vihisio ndani ya vijiti vyenyewe, sambamba na resini, ili kila chembe ya kimia iupime mtikisiko wake na kuamua ugumu wake bila kusubiri ubongo wa mbali.